Camp Yenye Ilikataza Kukohola

Batoto yangu, mimi nilitia kijiti mu pua ya jeshi ya Republika, na nilitoka muzima. Munacheka? Mucheke tu. Siku bakiwatuma ku surveillance ya grippe, kufuatilia ile homa ya mafua, kisha capitaine moja munene akukamate mukono na kusema, "Mama, ile kitu ikiingia mu pua yangu, mimi nakupiga masasi," pale njo mutanikumbuka mimi, Kavira wa Butembo.

Najua namuna banawafundisha sasa: projecteur, courbe, semaine épidémiologique, na téléphone yenye inatuma rapport bila mutu kutoka jasho. Ni muzuri. Mubasikilize bale ba professeurs, juu njo bo banatoaka points ya mutihani. Mais lakini points haikamatake kichwa ya capitaine.

Kijiti, njo ile écouvillon, iko na pamba ku ncha. Mutu anaegemeza kichwa ku ukuta, na wewe unaingiza mu tundu ya pua. Hapana kuelekea juu, hautafute ubongo. Unaelekea nyuma, upande ya sikio, pole pole, mpaka unasikia imegonga. Unazungusha kidogo, unatosha, unakitoa inje. Na wakati ile yote, umuulize habari ya mama mukwe yake. Mwanaume akifikiria mama mukwe, anasahau pua. Nilikuwaka na caporal moja, alinionyesha makovu ya masasi ku bega na ku paja, anacheka, anasema ye haogope kitu chini ya jua. Nilifungula karatasi ya kijiti tu. Alitoka na dirisha. Mulango ilikuwa wazi, mais alitoka na dirisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila juma mimi na mukubwa yangu wa kazi, Papa Muhindo, tulikuwa tunapanda moto, ile pikipiki, tunapita mu ma camp ya basoda, basikari ba jeshi, kati ya Butembo na Beni. Tunatafuta mutu mwenye iko na homa na kikohozi, akuwe soda, akuwe bibi ya soda, akuwe mutoto. Tunamutosha kamasi, tunatia mu boîte, sanduku ya barafu, tunatuma ku laboratoire ili bajue ni grippe gani inatembea mwaka ile. Ni hivyo tu. Tulikuwa bachungaji ba kamasi.

Na mu Beni yetu, kusema unachunga kamasi ni kutafuta kuchekwa. Ku barrière moja, kizuizi ya barabara upande ya Mulekera, soda aliniuliza, "Mama, mu ile boîte muko nini?"

"Kamasi ya benzako."

Aliita bale bengine bakuye kunitazama. "Masasi iko, Ebola ilipita, malaria iko kila nyumba, na huyu mama serikali inamutuma kutafuta kamasi!" Bakacheka bote. Tangu siku ile, mu ma camp yote jina yangu ilikuwa Mama Pua. Hata padri aliniitaka vile, ku mulango ya kanisa, mbele ya batu.

Mimi sikukasirika. Grippe ku kijana mwenye nguvu ni siku chache za kulala na kusumbua bibi yake. Mais ku mutoto wa kunyonya, ku mama mwenye mimba, ku muzee mwenye kifua mubaya, haiko muchezo. Na jeshi inabebaka grippe kuliko bus yoyote. Leo soda iko Kinshasa, kesho anapewa mutation, anahamishwa Beni. Anashuka na mufuko, na godoro, na kamasi mupya. Anaingia mu nyumba ya camp, chumba moja: ye, bibi, batoto, shemeji mwenye alikuya kutembea tu tangu Noeli ya zamani, na kuku. Grippe ikifika humo, inakuta kila mutu ameisha kupanga foleni.

Ile boîte tulikuwa tunaipeleka Rughenda, ku uwanja ya ndege. Bamama ya pale baliona barafu, bakafikiri ni samaki. Moja alinifuata mpaka karibu ya ndege: "Mama Kavira, hata kipande moja tu, uniuzie." Nilimwambia ni kamasi ya basoda. Alinuna: "Sema tu umeisha kuahidi bengine!" Na résultat, majibu ya laboratoire, ah, résultat! Ilikuwa inarudi wakati mugonjwa ameisha kupona, ameisha kusahau, ameisha kupelekwa Kasai. Ukimupata ku téléphone umwambie ugonjwa yenye alikuwaka nayo, anakujibu, "Asante sana, mama, mais sasa niko na kuhara."

Papa Muhindo njo alinifundisha mambo yenye haiko mu vitabu. Alikuwa Munande wa Lubero, mutu mwembamba, mupole, anasema kidogo, na koti yake ilikuwa na harufu ya ndimu kila siku. Aliniambia, "Kavira, usiulize soda kama iko mugonjwa. Soda hakuwake mugonjwa. Uliza bibi yake nani alimunyima usingizi." Na tena: "Mbele ya kuingia camp, usalimie kwanza mama mwenye anauzisha ndimu na tangawizi ku mulango. Kama kitunga yake iko mujaa, hakuna mwenye anakohola, rudi nyumbani. Kama iko tupu asubuhi, tayarisha vijiti." Nilicheka. Kisha nilifanya vile, na yule mama wa ndimu hakunidanganya hata mara moja. Bakubwa ba jeshi, bo balinidanganya kila juma.

Bon. Sasa niwaambie ile camp.

Ni camp moja ku barabara, kati ya Beni na Butembo, jina yake naacha. Ilipata commandant mupya, Colonel moja kutoka mbali, mwenye viatu yenye kungaa hata mu matope ya hapa kwetu. Hakuwa mutu mubaya. Alisalimiaka bazee, alienda misa. Mais alipenda neno moja kuliko chakula: RAS. Basoda banajua. Rien à signaler, maana yake hakuna kitu ya kuripoti, yote iko sawa. Kwa commandant, RAS njo usingizi muzuri, njo galon, cheo mupya ku bega. Kwetu siye ba surveillance, RAS ni mutu kukufungia mulango ku uso.

Rapport ya magonjwa ya camp ilikuwa inaandikwa na infirmier, muuguzi wao, adjudant moja mwenye mwandiko muzuri sana. Na ile mwandiko muzuri ilikuwa inaandika: grippe, RAS. Malaria, RAS. Kuhara, RAS. Kuumwa na mbwa, RAS. Nilimuuliza Papa Muhindo, "Mu hii camp munaishi basoda ao bamalaika?"

"Camp yenye haina kikohozi," alisema, "ao haina batu, ao iko na chef mukali. Twende tumuone chef."

Tulienda. Colonel alitukaribisha na heshima, alituita "bakubwa ba santé," alitupatia viti. Papa Muhindo, kwa akili yake, aliona afazali aseme luga ya jeshi ili Colonel asikie vizuri. Alisema, "Mon colonel, grippe iko kama adui mwenye anajificha. Anaingia mu camp bila kuonekana. Anapitia ku batu benye banakohola."

Batoto, yule mutu alisimama.

"Adui? Mu camp yangu?"

"Ni namuna ya kusema, mon colonel."

"Na anapitia ku benye kukohola?"

"Ndiyo, mais..."

"Merci, docteur. Nimesikia." Papa Muhindo hakukuwa docteur, mais alishangaa sana mpaka hakumukosoa.

Juma yenye ilifuata, tulikuta pancarte ku mulango ya camp, rangi nyekundu, herufi kubwa: HAPANA KUKOHOLA. Mama wa ndimu wa pale alituelezea yote. Ku appel ya asubuhi, basoda bakijipanga bahesabiwe, Colonel alitangaza kama mutu mwenye anakohola anasaidia adui. Soda akikohola, cachot, jela ya camp. Bibi ya soda ao mutoto yake akikohola, cachot ya bwana yake. Papa Muhindo alishika kichwa na mikono mbili. Alisema, "Yesu Maria, mimi njo nilimufundisha."

Na ile cachot yenyewe, munajua namuna cachot ikoaka: chumba ndogo, dirisha hakuna. Balifunga humo soda moja mwenye alikohola kweli, pamoja na mwingine mwenye aliiba mbuzi. Kesho yake mwizi wa mbuzi anakohola. Mulinzi mwenye anapelekaka chakula anakohola. Mulinzi naye bakamufunga. Mulinzi mwenye alimufunga, vilevile. Colonel aliunda fabrique, kiwanda ya grippe, na kila asubuhi alikuwa anaongeza wafanyakazi.

Ku appel sasa, basoda bakameza kikohozi. Mumeisha kujaribu? Uso inavimba, macho inajaa maji, shingo inatosha mishipa. Bendera inapanda, hymne inaimbwa, mustari muzima ya banaume inalia. Colonel alifikiri ni mapendo ya inchi. Alibapongeza, aliandika barua ku bakubwa yake kama moral, ari ya camp, imepanda.

Na rapport ya juma: RAS.

Sisi tulipita ile camp na vijiti yetu, nyumba kwa nyumba, hakuna mutu. Bamama banatusalimia muzuri, banatupatia viti, batoto banafungwa mu pagne, mu kitenge, mpaka ku macho. "Mama Pua, huku hakuna." Hakuna homa, hakuna kamasi. Kitu moja tu ilikuwa inasikika: kinu. Sombe, majani ya mihogo, ilikuwa inatwangwa asubuhi, sombe muchana, sombe saa yenye batu beko banalala kwa joto. Inatwangwa hapa, inanyamaza, inaanza kule. Mimi nilifurahi hata, nilimwambia Papa Muhindo, "Hii camp inakula vizuri, sombe kila saa." Ye alitega sikio ku ile kinu.

Kisha, siku moja tulifika, mama wa ndimu hakutuuzia kitu. Alikuwa amekaa chini. Alisema, "Mutoto wa caporal moja wa hii camp alikufa jana. Exaucé, yule mwenye alikuwa anaanza kusimama." Alikohola siku chache, na mama yake alimufunika mu pagne ili patrouille, balinzi benye banazunguka camp, isisikie, na hakumupeleka ku dispensaire kutibiwa juu bwana yake iko kazini na hakutaka bamufunge. Homa, kupumua haraka, kisha basi.

Nilienda ku adjudant infirmier. Nilimuomba rapport ya juma ile. Alinipa bila kunitazama. Grippe, RAS. Vifo, RAS.

Sitawadanganya, batoto, nilikasirika. Nilitaka kupasula ile karatasi. Nilimuuliza, "Adjudant, mutoto mwenye amezikwa jana anaitwa rien?" Yule mutu alikuwa na batoto wane. Alifunika uso na béret yake. Alisema, "Mama, mimi naandika yenye banataka kusoma." Nilitoka, nilienda ku kilio, matanga ya ule mutoto.

Tulikaa na bamama chini, ku mulango ya caporal. Mama Exaucé alikuwa katikati, halie tena, sauti ilishaisha. Sasa musikilize vizuri. Hapa kwetu, na hata kwa bale batu ya mbali, jirani hatwange kinu pembeni ya kilio. Unakula mihogo ya kuchemsha, unakula mikate, unalala na njaa, mais hautwange. Ni haya. Na pale tulikaa kimya, nyumba ya pembeni, ukuta kwa ukuta, kinu ikaanza: tu, tu, tu.

Niliwatazama bamama. Hakuna moja alikasirika. Hakuna moja aligeuka. Na Mama Exaucé mwenyewe, mwenye mutoto yake hajapoa mu udongo, alisema pole pole, "Mutwange na nguvu."

Nilisimama. Balinishika pagne, "Mama Pua, kaa," sikukaa. Niliingia mu ile nyumba bila kubisha. Mwanamuke moja alikuwa anatwanga, jasho inamutoka. Mu kinu hamukukuwa kitu. Sombe hakuna, moto hakuna, sufuria hakuna. Chini, nyuma yake, bibi ya sergent moja alikuwa amekaa, mugongo ku ukuta, tumbo ya mimba kubwa mbele yake, pagne mu mudomo, anakohola mpaka mabega inaruka. Kila akikohola, mwenzake anapiga kinu, ili kikohozi isisikike inje. Na ye akichoka, kinu ya nyumba yenye inafuata inapokea. Bamama ya camp bazima balijipanga vile, bila chef, bila karatasi, na kazi yao ilikuwa inatembea vizuri kuliko ya jeshi.

Yule mama mwenye mimba aliitwa Mado. Alitoka upande ya fleuve, ule muto mukubwa, Swahili yake ilikuwa nusu Lingala. Bwana yake alikuwa mu msitu, ku operesheni, banangojea renfort, basoda bapya ba kuongeza nguvu. Aliniona, akatosha pagne ku mudomo, akajaribu kucheka.

"Mama Pua, nazali malamu. Niko muzuri. Koloba te. Usiseme. Papa ya mutoto akirudi, batamufunga."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa anapumua mfupi mfupi, kama mutu mwenye anapanda mulima, na alikuwa amekaa. Nilitia mukono ku mugongo yake, nikasikia kifua inanguruma. Papa Muhindo aliingia nyuma yangu, alimutazama mara moja, alisema kwa Kinande, ili Mado asisikie, kama hatafikisha kesho bila oxygène. Oxygène ya karibu siku ile ilikuwa Butembo. Na mu ile camp, hakuna bibi ya soda alitoka mu gari ao ku moto bila signature ya Colonel.

Tulienda ku bureau. Colonel alikuwa na foulard, kitambaa ya baridi, ku shingo, mu joto ile. Ku meza yake kulikuwa chai na ndimu nyingi. Sauti yake ilikuwa imeisha nusu. Sisi tuliona, na ye aliona kama tumeona.

Papa Muhindo alieleza. Colonel alisikia mpaka mwisho, kisha alitazama dirisha.

"Bakubwa ba santé, munaelewa shida yangu? Nikisaini évacuation ya mugonjwa wa kifua aende hospitali, bakubwa ba province batauliza: mugonjwa gani? Tangu lini? Bengine beko bangapi? Mimi niliandika RAS. Nikisaini, RAS yangu inakufa."

Nilikuwa na mambo mingi ya kusema, ya adabu, yenye nilitayarisha ku njia. Yote ilipotea. Nilisema, "Mon colonel, leo mu camp yako kitu moja itakufa, upende usipende. Ni RAS, ao ni bibi ya soda wako mwenye anakupigania mu msitu. Chagua."

Papa Muhindo alinikanyaga muguu. Colonel alifungula mudomo ili anifukuze. Na pale, batoto, kile alikuwa anameza tangu siku mingi kilikataa kumezwa. Alikohola. Hakukohola kidogo. Alishika meza, chai ikamwangika, kofia ikaanguka, sentinelle ku mulango akaruka na kushika bunduki.

Na pale inje, pembeni ya ukuta ya bureau, kinu ikaanza. Tu, tu, tu. Na nguvu kabisa. Kisha ya pili.

Colonel alipangusa macho. Alisikiliza. "Hii saa," aliuliza na ile sauti yenye ilibaki, "banatwanga nini?"

Nilimuonea huruma, kweli ya Mungu. Nilimwambia, "Banakutwangia wewe, mon colonel. Ili usifungwe."

Alikaa chini. Kila akikohola, inje banatwanga, akinyamaza, banaacha. Mwisho aliita secrétaire.

Musifikiri kama alikuwa mutakatifu. Hata pale, kuandika neno "mugonjwa" mukono yake ilikataa. Aliandikisha ordre de mission, karatasi ya mutu mwenye banatuma kazi. Jina: Mado, bibi ya sergent. Destination: Butembo. Moyen de transport: jeep ya commandant. Secrétaire aliuliza, "Objet ya mission, sababu yake, mon colonel?" Colonel alifikiri, alinitazama, niliinua mabega. Alisema, "Andika: kupumua." Secrétaire aliandika. Colonel alipiga cachet, muhuri yake, na alipiga na nguvu, na siku ile nilimupenda.

Mbele ya kutoka, nilirudi ku adjudant infirmier. Nilitia rapport ku meza yake, na nilikaa. Hakuniuliza nataka nini. Alifuta RAS ya vifo, na mwandiko yake muzuri aliandika: Exaucé, mutoto wa caporal. Kisha alianza kuandika bale bengine, nyumba kwa nyumba, kisha bale ba cachot, na juu kabisa ya mustari ya grippe aliandika Colonel. Aliandika mpaka Bic yake ikaisha wino, nikamupa yangu.

Njia ya Butembo munaijua, mvua ilikuwa inanyesha. Nilimushika Mado mu jeep, kichwa ku kifua yangu. Ku kila barrière basoda balisoma ile karatasi, balisoma tena, baliangaliana. "Mission ya kupumua?" "Ndiyo." "Signé Colonel?" "Ndiyo." Balipiga salut. Moja alimuuliza Mado kama iko mu service gani. Mado hakukuwa na pumzi ya kumujibu. Mimi nilisema, "Service ya mbele kabisa," na chauffeur akakanyaga gaz.

Sitawachosha na siku ya hospitali. Nilimutosha kamasi, ilitoka grippe, ile tu ya mwaka ile, haina jina kubwa. Alikaa na tuyau ya oxygène mu pua, na usiku bamama ya salle balimuombea rozari, ingawa ye alikuwa mu église ingine. Kuko siku niliamini anaenda. Niliogopa kumuangalia tumbo. Nililia mu couloir, mimi Mama Pua, kamasi yangu mwenyewe mpaka ku kidevu, na sikukuwa na kijiti.

Hakuenda.

Mimi njo nilimurudisha, na jeep ileile. Mu camp cachot ilikuwa wazi, mulango yake bamama banaanikia nguo. Colonel alikuwa ameomba vijiti zaidi, na alikuwa anasumbua province na ma chiffre, hesabu ya bagonjwa, mpaka bakamuomba apunguze kupiga téléphone. Mais ku barrière ya camp kulikuwa soda mupya, kijana, mukali sana, mwenye alitaka kazi yake iende sawa.

"Ordre de mission," alisema.

Mado alitosha ile karatasi mu pagne, ilikuwa imekunjwa na imelowa. Kijana aliisoma yote, na kidole. Kisha alitazama mu jeep, alitazama karatasi, alitazama mu jeep.

"Mama, hii ordre inaonyesha mutu moja alitoka. Hapa naona babili banaingia." Alionyesha na kidole yule mutoto mwanamuke, mudogo mudogo, mwenye alilala mudomo wazi ku kifua ya mama yake, anapumua. "Huyu, namuandika namuna gani?"

Mado alikuwa amekonda, macho yake tu ilibaki kubwa. Alimufunika mutoto vizuri, alivuta pumzi, murefu, mpaka chini, na akaiacha itoke pole pole.

"Andika renfort," alisema.